Usiongeze Moto Makutano

2 Juni 1991

Kobe,

Salamu zako zimo humu ndani, zitafute mwenyewe katikati ya mistari, maana nina jambo na siwezi kulizungusha.

Nimestaafu. Ijumaa ya tarehe 24 Mei wodi ya wazazi walinipa saa ya ukutani na keki. Mganga mkuu akasema maneno mazuri ambayo nadhani yaliandikwa kwa ajili ya mtu mwingine, kwa sababu alinisifu kwa upole. Nikarudi nyumbani, nikaitundika ile saa, nikakaa kuitazama siku tatu. Siku ya nne akaja Mkasi, anachechemea vilevile, turubai jipya begani, hata hodi hakupiga. "Boti iko juu ya magogo nyuma ya karakana ya shemeji yangu," akasema. "Nimeikagua. Mbao nne tu zimeoza. Mashine inakohoa, lakini ukiiita inaitika."

Haraka Haina yetu ile, Kobe! Boti yetu ipo! Mimi nilidhani ilishakuwa kuni.

Basi tumekaa watatu, mimi, Mkasi na Mwalimu, tukakata shauri kama watoto waliofungiwa shule. Tunatelemka na mto kutoka hapa hadi gati la mwisho, kama tulivyokuwa tukifanya kila likizo. Mwalimu ameacha kufundisha hesabu lakini bado anahesabu kila kitu, hata mara ngapi Mkasi anapiga chafya. Shida ni usukani. Mkasi hawezi kusimama saa nyingi kwa mguu ule. Mwalimu anaogopa hata usukani wa baiskeli. Nimebaki mimi, na mimi tangu Makutano sijashika usukani wa chombo chochote.

Njoo, ndugu yangu. Kama huwezi, niandikie hatari zote za njiani, moja baada ya nyingine. Hakuna mtu aliyeujua mto ule kama wewe. Unakumbuka redio iliyokuwa haisemi mpaka wewe uishike waya kwa meno? Unakumbuka ile mvua, sisi wanne chini ya turubai moja, Mwalimu akitupigisha majedwali ya kuzidisha ili tusisikie radi? Nimeyakumbuka hayo siku tatu nzima mbele ya saa.

Wako,
Zimamoto

*

14 Juni 1991

Zimamoto,

Barua yako nimeipata. Hongera kwa kustaafu.

Sitaweza kuja, nina shughuli. Mto umebadilika sana na nyinyi mmezeeka. Ushauri wangu ni msiende. Mkishindwa kujizuia, mtafute nahodha kijana awaendeshe.

Wasalimie Mkasi na Mwalimu.

Kobe

*

23 Juni 1991

Kobe,

Nilipoifungua barua yako nilidhani posta wamenipa ya ofisi ya ardhi. Imepigwa mashine! Mistari sita! Hata jina lako umepiga mashine. Uko wapi mwandiko wako ule wa kulala, kama nyasi zilizopitiwa na upepo? Mkasi amesema wakubwa wakizeeka huogopa wino. Mimi sikucheka.

Tuseme kweli sisi kwa sisi. Mimi ni mkunga, na wahenga walisema mficha uchi hazai. Kama hutaki kuja kwa sababu ya ile Agosti ya 1969, sema.

Naikumbuka kama ya jana. Maji yamejaa, mekundu. Wewe umesimama mbele unayasoma, mimi niko usukani. Tumefika Makutano, pale mto mdogo unapoingia mto mkubwa, ukanyoosha mkono na kupaza sauti: "Ongeza moto! Pita katikati!" Na mimi nikaona maji yamevimba mbele yetu kama mgongo wa mnyama, moyo ukaniruka, nikazima mashine. Boti ikageuka ubavu, ikabebwa. Mkasi akatoa mguu kuisukuma isigonge kile kilichokuwa chini, na mguu ukabanwa. Siku ya pili yake, tulipofikishwa gati la mwisho na meli iliyotuvuta, ukasema mbele ya watu wote: "Angeongeza moto tungepita." Watu wakanigeukia. Mkasi, mguu wake umefungwa vijiti, jasho linamtoka, ndiye aliyesema, "Basi huyu si mkunga, huyu ni zimamoto!" Wakacheka. Alifanya hivyo ili wacheke badala ya kunitazama. Sijawahi kumshukuru.

Kosa nimelibeba na sijalikataa hata siku moja. Lakini nilidhani wewe na mimi tulishalivuka.

Tunaondoka tarehe 8 Julai, nahodha kijana hatumtaki. Kama una neno, andika.

Zimamoto

*

1 Julai 1991

Zimamoto,

Nisamehe kwa barua ile. Nilikuwa na siku mbaya, na kichwa changu unakijua, kikiguswa kinaingia ndani ya gamba. Sina kinyongo na wewe. Sina kabisa. Haya, sikiliza.

Kwenye kona, kaa upande wa nje. Mto huchimba nje na kutupa mchanga wake ndani. Mkikwama kwenye fungu la mchanga, msishindane nalo, mtajizika. Zimeni mashine, wote watatu hamieni nyuma, mbele patainuka, msukume kwa upondo kurudi mlikotoka.

Magugumaji mtayakuta baada ya siku ya kwanza. Yakiwa kidogo, zima mashine uteleze juu yake kwa kasi uliyokuja nayo. Panga la mashine likinaswa, mtu asitie mkono majini kabla mashine haijanyamaza kabisa.

Kwenye kivuko kuna waya kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Kivuko kikiwa katikati, waya huvutika na kupanda juu ya maji, unaweza kukata chumba cha boti kama uzi unavyokata sabuni. Piga honi, ngoja kifike, ngoja tena waya uzame, ndipo upite.

Gogo linaloelea si baya, unaliona. Baya ni lile lililokwama mguu, linaibuka na kuzama kama mtu anayesinzia mkutanoni. Na kitu chochote kikiwakaribia, mtu asitoe mguu wala mkono kusukuma. Tumieni upondo. Hili mwambie Mkasi, ingawa yeye ndiye anayelijua kuliko sisi sote.

Kuhusu Makutano nitakuandikia peke yake. Nitaituma posta ya gati la mbao, ikungojee.

Unauliza kama nakumbuka. Ninachokumbuka zaidi ni Mkasi ameketi juu ya chumba cha boti na cherehani yake ya mkono, anashona mapazia ya madirisha yetu mawili kwa mabaki ya nguo ya bibi harusi, na wewe unamwambia boti itachumbiwa. Sijawahi kucheka tena namna ile. Nimefanya kazi mtoni miaka mingi baadaye, na vyombo vikubwa, na watu wema. Haikuwa ile.

Kobe

Mama Mkunga, shikamoo. Ni mimi binti yake, ambaye mikono yako ndiyo iliyonipokea duniani. Sasa ni karani wa mahakama, ndiyo maana barua hizi zinanuka ushahidi. Baba anasema, mimi nachapa. Haoni. Ni presha ya macho. La kushoto lilikwenda mwaka juzi, la kulia linajua tu dirisha lilipo. Amenikataza nisikwambie. Mstari huu hatausoma.

*

10 Julai 1991, kwenye kivuko

Kobe, ndugu yangu,

Kwanza neno kwa anayekusomea barua: binti, mistari hii miwili iruke. Nimekuelewa, na asante. Mpe chai ya moto, umsomee polepole.

Sasa wewe. Tumefika hai! Fungu la kwanza la mchanga tulilipanda saa mbili tu baada ya kuondoka, mbele ya watu wote waliokuja kutuaga, bado wanatupungia. Mkasi akawapungia pia, akasema tumesimama kupumzika. Tukafanya ulivyosema: tukahamia nyuma, Mwalimu akahesabu moja, mbili, tatu, tukasukuma, na ile boti ikarudi majini kama ng'ombe anayeondoka kwenye shamba la watu, bila aibu yoyote.

Magugumaji yalitunasa mara moja. Kwenye waya wa kivuko nilipiga honi nikangoja. Ukazama, nikangoja tena. Nahodha wa kivuko akauliza kwa sauti, "Bibi, nani kakufundisha?" Nikamjibu, "Yupo mmoja."

Siku ya kwanza nilishika usukani kwa mikono miwili. Jana ulinitosha mmoja. Usukani una ile alama ya kisu uliyoiweka ili kidole kijue katikati hata bila kutazama. Kidole kilikwenda chenyewe, Kobe. Nilisimama pale, Mwalimu anamenya viazi, Mkasi anabishana na mashine, jua limelala juu ya maji, nikaona ni wewe tu uliyepungua. Kisha nikakumbuka kwamba na mimi nilipungua, miaka yote hii, kwa hiari yangu.

Kuhusu Makutano usijisumbue kuandika. Nimeshalipanga kichwani. Safari hii nitapita katikati na nitaongeza moto mpaka mwisho, kama ulivyosema wakati ule. Lile deni la woga nataka kulimaliza palepale nilipolifanya. Sitazima.

Gati la mbao tutafika tarehe 15, na kuondoka alfajiri ya 17.

Zimamoto

*

TELEGRAMU
14 Julai 1991
KWA MKUNGA, BOTI HARAKA HAINA, GATI LA MBAO
MAKUTANO USIONGEZE MOTO. USIPITE KATIKATI. NGOJA BARUA. KOBE

*

14 Julai 1991

Zimamoto,

Binti yangu amenisomea barua yako leo asubuhi, nikamtuma posta mbio kupiga telegramu, hata viatu alivaa njiani. Sasa amerudi, amekaa mbele ya mashine, na mimi nimeishiwa mahali pa kujificha. Ameshaacha kuchapa mara mbili. Nimemwambia achape tu, kazini kwake husikia makubwa kuliko haya.

Katikati ya Makutano hapapitiki. Hapakupitika siku ile pia.

Mimi siku ile sikuona. Ukungu ulikuwa umeanza pembeni mwa macho tangu mwanzo wa mwaka, na sikumwambia mtu, kwa sababu Septemba nilikuwa na mtihani wa cheti cha unahodha, na kule wanapima macho. Nilisimama mbele ya boti kama msomaji asiyejua kusoma. Niliona weupe, nikadhani ni maji laini. Nikakwambia uongeze moto. Wewe ulikuwa na macho, ukaona mgongo, ukazima.

Kama ningekuwa nimekosea tu ningekwambia jioni ileile. Lakini gati zima lilikuwa linasikiliza, na Mkasi anagumia, na mtihani unakuja. Ulimi ukanitangulia. Nikasema angeongeza tungepita.

Hilo ni la kwanza. La pili ni baya zaidi.

Oktoba maji yalipopungua nilirudi pale peke yangu na mtumbwi, kutafuta nanga tuliyoipoteza siku ile. Nikaziona. Nguzo tatu za daraja la zamani, zimesimama katikati ya mkondo, zimevikwa chuma, kati ya moja na nyingine hapapiti hata pipa. Kwenye nguzo ya kwanza, ubavuni, kulikuwa na rangi ya bluu ya boti yetu. Ni pale tulipogusa, kwa ubavu, taratibu, kwa sababu mashine ilikuwa imezimwa. Kama ungenitii tungezivaa uso kwa uso kwa nguvu zote. Isingekuwa habari ya mguu mmoja tu. Asingebaki mtu.

Ulituokoa. Nimelijua hilo tangu Oktoba ya 1969, na kila mwaka uliopita ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Cheti nilikipata. Herufi za ubao wa daktari nilizikariri kutoka kwa mwenzangu aliyetangulia kuingia. Mwaka mmoja tu baadaye nikaomba kuhamishiwa ofisi ya karakana ya vyombo vya mto, nikasema ni mgongo. Sasa sioni kabisa, na ndiyo maana barua zangu zinapigwa mashine.

Pita kulia, karibu na ukingo, mashine chini. Funga boti juu ya Makutano kwanza, shuka, tazama kwa macho yako. Macho yako nayaamini. Nilipaswa kusema hivyo mbele ya watu.

Sikuombi kitu.

Kobe

*

16 Julai 1991, gati la mbao

Kobe,

Telegramu imefika. Barua haijafika. Karani wa posta ananiona nikija na kuanza kutikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

"Usiongeze moto. Usipite katikati." Kumbe wakati ule uliniambia niongeze, sasa naambiwa nisiongeze. Nimeifikiria usiku kucha, na sioni maana yake isipokuwa moja: huniamini. Ulivyosikia nimeshika usukani mimi, umeona heri tujikokote pembeni kama kuku wa mvua. Miaka ishirini na miwili, Kobe, na bado mbele yako mimi ni mwanamke aliyeogopa.

Nilifurahi mno kwenye barua iliyopita. Nilikuandikia kama msichana.

Tunaondoka kesho. Sitangoja.

Mkunga

*

18 Julai 1991, ukingoni, chini kidogo ya Makutano

Kobe,

Nimekaa juu ya jiwe, karatasi gotini.

Jana mchana tulifika kwenye ile kona ya Makutano. Nilikuwa nimeshaweka mkono kwenye wenzo wa moto, tayari kuusukuma. Mkasi amekaa chini, ameshika mguu wake kwa mikono miwili kama mtoto, nadhani hakujua kwamba ameushika. Ndipo Mwalimu akaja kusimama ubavuni kwangu, na sauti yake ile ya darasani. "Umemkasirikia, sawa. Lakini hata mtu usiyempenda akikwambia saa yako imekosea, unaitazama saa. Funga boti."

"Mwalimu, niache."

"Nimezaliwa na kuhesabu, sijazaliwa na kuzama. Funga boti."

Nikaifunga. Tukatembea ukingoni wote watatu, Mkasi kwa fimbo. Maji mwaka huu ni machache. Na pale katikati, Kobe, zimetoa vichwa. Tatu. Maji yanazipanda na kuvimba, mgongo uleule. Nikauliza mchimba mchanga mmoja aliyekuwa anapumzika juu ya beleshi lake. Akasema, "Hizo? Daraja la zamani. Zilikuwepo kabla baba yangu hajaoa. Anayepita katikati ni mgeni au ameichoka dunia. Njia ni kulia."

Nilikaa chini palepale kwenye mchanga. Mwalimu akanishika bega na kuniambia, taratibu, kama anamwonyesha mtoto jibu: "Ulizima. Kwa hiyo tuko hapa." Mkasi akaketi mchangani upande wangu wa pili, fimbo magotini.

Leo asubuhi tumepita kulia, mashine inanong'ona, ukingo uko karibu kiasi cha kuchuma majani. Tumepita salama. Sikufurahi.

Nakuuliza jambo moja, na unijibu kwa neno moja. Ulijua?

Mkunga

*

22 Julai 1991, gati la kiwanda

Kobe,

Mimi si mtu wa barua, mimi ni mtu wa sindano, usitafute nukta. Lakini mguu ni wangu na nadai zamu ya kusema.

Barua yako ya Makutano imetufikia leo. Karani wa gati la mbao aliituma kwa tishari la magogo ituwahi. Zimamoto aliisoma kwa sauti hapa mezani, tangu juu hadi jina lako, hakusita popote. Alipomaliza akaikunja. Akaikunjua, akatazama juu kwenye pembe. "Tarehe kumi na nne," akasema. "Mimi nimemuuliza tarehe kumi na nane." Akashuka, akaenda kukaa mwisho wa gati peke yake. Mwalimu akanizuia nisimfuate.

Sasa nikwambie kinachoniuma. Mguu umeshazoea. Nimeshonea watu suti za harusi kwa mguu mmoja, na wamezaa, na nimewashonea watoto wao. Kinachoniuma ni lile jina. Nilimpa mimi, kwa mapenzi, ili watu wasimwonee. Kumbe nilikuwa naupigilia msumari uongo wako kila nilipomwita. Miaka ishirini na miwili namwita mtu asiye na kosa kwa kosa lako, na kucheka juu. Umenifanya nishone nguo ya kumtia mwenzangu aibu, na vipimo ulinipa wewe.

Nilikuwa nimeanza barua nyingine kabla ya hii. Ilikuwa na matusi mazuri sana. Mwalimu ameichana. Amesema umekuja mwenyewe kabla hujaitwa, na hilo lina alama zake, ingawa si zote.

Nasikia macho yamekwisha. Nimesikitika na sikutaka kusikitika.

Mkasi

*

24 Julai 1991, gati la kiwanda

Kobe,

Jibu lako lilianza safari kabla ya swali langu. Nimeshalitazama hilo pande zote, na nimelipokea. Lakini halitoshi.

Baada ya 1969 nilifanya kazi wodini miaka yote ile nikiwa na sauti yako sikioni. Mtoto amekaa vibaya, mama anachoka, ni wakati wa kukata shauri, na mimi namwita mwenzangu aje aangalie kwanza, kwa sababu nilikuwa mtu ambaye, akiona mgongo, huona woga wake mwenyewe. Hakufa mtu kwa hilo, namshukuru Mungu. Lakini wapo waliongoja zaidi ya walivyostahili. Na nilikuwa na macho! Yalikuwa mazima wakati wote! Ungenirudishia kwa sentensi moja.

Ulisema mbele ya watu. Basi useme kweli mbele ya watu. Tutafika gati la mwisho tarehe 4 Agosti. Ule mkahawa wa gatini bado upo. Basi linafika saa nane mchana. Binti yako aje nawe.

Na usinibadilishie jina. Mkasi ameanza kuniita Mheshimiwa, na sipendi.

Zimamoto

*

9 Agosti 1991

Zimamoto,

Tumefika nyumbani jana salama. Binti yangu anachapa, na nimemwambia aweke kila neno.

Njiani ndani ya basi nilikuwa nimeipanga hotuba. Nilidhani nitaukuta ule umati wa 1969. Niliposhika meza na kusimama nikauliza nani yupo, binti akaninong'oneza: mwenye mkahawa, wapagazi wanne wanakula, mzee mmoja muuza mafuta aliyelala, na nyinyi watatu. Nikajua wengi walionisikia nikidanganya wameshalala makaburini na uongo wangu masikioni. Nilitaka kukaa. Mwenye mkahawa akasema, "Mzee, mimi wakati huo sikuwa nimezaliwa, lakini endelea." Nikaendelea. Nilisema yote, macho, mtihani, Oktoba, rangi ya bluu. Wapagazi waliacha kula, nilisikia vijiko vikitua. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo huyu bibi ndiye aliyewaokoa?" Nikasema ndiye. Akasema, "Mama, shikamoo." Nikakusikia unaitika.

Kisha nikasikia hatua moja nzito na moja nyepesi zinakuja upande wangu. Nikasimama wima, nikidhani napigwa, na ningemshukuru. Mkasi akavuta kiti. "Kaa," akasema. "Chai yako inapoa." Sijui kama huo ni msamaha. Sikuuliza. Niliinywa chai yote.

Asubuhi mliponipandisha kwenye boti nilishika ukingo wa mlango na mkono ukaujua. Harufu ileile, mafuta na kamba zilizolowa. Mwalimu akahesabu ngazi kwa sauti ili nisijikwae, akanikalisha mbele kabisa. Mashine ikakohoa, tukaachana na gati, na kwa muda nilikuwa na miaka thelathini. Nikawaza, sasa utaniuliza njia, na mimi sina.

Hukuniuliza. Ulianza kusema, kutoka nyuma kule usukanini, sauti juu ya mashine. Kulia kuna mchanga, watoto wa bata wanne. Kushoto maji meusi, kina. Mbele gogo limeinama, linasinzia, tunalizunguka. Nilikuwa nasikia boti inageuka baada ya maneno yako, kidogo, kwa adabu. Mara mbili mdomo wangu ulifunguka wenyewe kutoa amri, kwa mazoea ya zamani. Nikaufunga.

Ukasema, "Sasa pamefunguka, Kobe. Maji mapana, hakuna kitu mpaka kona, na jua limeyajaa."

Nikaweka mikono magotini, nikakaa, nikasafiri.

Kobe